Kizingiti: shajara ya fonti yenye miguu minene

Wiki ya 1

Jina limekuja kabla ya fonti yenyewe, jambo ambalo wachoraji wenye busara hulikwepa. Kizingiti. Nguzo zinasimama, chini kuna gogo linalozipokea, na herufi nzima inakaa kama mlango. Fonti za aina hii tunaziita slabu, kwa sababu serifu zake, yaani vile vijiguu vinavyochomoza kwenye ncha za mistari, si kucha nyembamba zilizochongoka kama za fonti nyingi za vitabu. Ni mapande ya mstatili, mazito karibu sawa na nguzo ya herufi.

Hilo neno "karibu" nimeliongeza jioni hii. Asubuhi sikuwa nalo. Asubuhi nilikuwa na kanuni moja ambayo niliiona safi kabisa: kila kitu yuniti 90. Nguzo 90, upau 90, serifu 90. Herufi huchorwa ndani ya mraba wa yuniti 1000. Herufi kubwa nimezipa kimo cha 700, herufi ndogo zisizo na mkia wala shingo, kama n na o, kimo cha 510. Nikachora H. Ilikaa kama mtu aliyekaza mkanda kupita kiasi: upau wa katikati ulionekana mnene kuliko nguzo, ingawa rula ya programu iliniapia kwamba ni 90 kwa 90. Macho yetu ndivyo yalivyo. Mstari uliolala huonekana mnene kuliko uliosimama, hata unene wake ukiwa uleule. Nikashusha upau hadi 80, bado. Kwenye 76 ndipo ulipotulia.

Kisha o. Nilipoipa kimo kilekile cha n ilionekana imedumaa, kwa kuwa duara hugusa mstari kwa nukta moja tu wakati n imekanyaga kwa miguu yote. Nikairuhusu izame yuniti 11 chini ya mstari wa msingi na kuchomoza 11 juu. Sasa haiko sawa na n kwa kipimo, na iko sawa kwa jicho.

Kanuni yangu imeishi saa nne.

Wiki ya 2

Wiki nzima nimeitumia makwapani. Naita kwapa ile pembe ambamo serifu inakutana na nguzo, na ndipo familia za slabu zinapoachana.

Upande mmoja kuna kwapa kali: serifu inaishika nguzo kwa pembe mraba, bila mkunjo wowote. Ndivyo zilivyo Memphis, aliyoichora Rudolf Wolf mwaka 1929 kwa kiwanda cha Stempel cha Ujerumani, na Rockwell ya kampuni ya Monotype ya mwaka 1934. Herufi hizi zimejengwa kwa rula na bikari. O ni duara karibu kamili, na A ya Rockwell ina kibamba hadi kileleni, kama mtu aliyebeba ubao kichwani. Upande wa pili kuna kwapa laini: kati ya nguzo na serifu kuna mkunjo, kama ukuta unavyoungana na sakafu iliyosawazishwa kwa mwiko. Mama wa hizi ni Clarendon, iliyotolewa London na Robert Besley wa kiwanda cha Fann Street mwaka 1845. Besley aliisajili chini ya sheria ya Uingereza ya kulinda michoro, akapata ulinzi wa miaka 3. Ulipokwisha tu, viwanda vingine vikaivamia kila kimoja na nakala yake. Sishangai. Ukiichora a ya mtindo huo mara moja, mkono hautaki tena kuchora nyingine.

Kongwe kuliko hizo zote ni herufi alizozitoa Vincent Figgins, naye wa London, katika miaka ya 1810, akaziita Antique. Wengine wakaziita za Kimisri, jina ambalo limezishikilia mpaka leo katika lugha kadhaa za Ulaya. Herufi za Kilatini zenye miguu minene hazina uhusiano wowote na Misri. Napoleon alikuwa ameivamia Misri mwaka 1798, na baada ya hapo Ulaya ikashikwa na homa ya kila kitu cha Kimisri. Mfanyabiashara wa herufi akitaka bidhaa ionekane mpya na nzito kama piramidi, jina lilikuwa limeshalala mezani. Kichekesho ni kwamba William Caslon IV alipotoa herufi zake alizoziita za Kimisri mwaka 1816, hazikuwa na serifu hata moja. Jina lilizunguka zunguka kabla ya kutua. Na karne moja baadaye Wajerumani wakaipa slabu yao mpya jina la Memphis, mji wa kale wa Misri, kana kwamba uongo ukirithiwa mara mbili unakuwa nasaba.

Nirudi mezani. Kizingiti nilikitaka chenye kwapa kali, maana nilipenda ule ukali wa seremala. Nikachapa n, h, i na l kwa pointi 9 kwenye karatasi ya kawaida ya printa. Kwenye skrini pembe zilikuwa safi kama tofali. Kwenye karatasi kila kwapa lilijaa kidoa, kwa sababu pembe kali ya ndani hukusanya weusi: kitu kinene kinakutana na kitu kinene na weupe unakosa pa kupumulia. Nikaongeza mkunjo mdogo wa yuniti 14. Kwa pointi 9 hauonekani kabisa, kidoa kimepungua, na kwa pointi 90 unaonekana kama kona iliyopigwa msasa. Sikuchagua kambi. Nina kwapa kali lililotiwa adabu.

Unene wa serifu zenyewe umeshuka hadi 72. Zikiwa 90 kila neno lilionekana limepigiwa mstari chini.

Wiki ya 3

Herufi ndogo. Nimeanza na a, na si kwa sababu ya alfabeti. Chukua "haba na haba hujaza kibaba": ina herufi 22, na 9 kati yake ni a. Anayechora fonti kwa ajili ya Kiswahili akikosea a amekosea ukurasa mzima, ilhali akikosea q hakuna atakayejua kwa miezi.

Kuna a ya ghorofa moja, ambayo ni duara lenye nguzo ubavuni, na kuna a ya ghorofa mbili, yenye tumbo chini na kofia juu. Slabu za bikari huvutwa na ile ya kwanza, kwa kuwa inafanana na o na d na b, na mchoraji anaokoa kazi. Nilipoijaribu, "kibaba" lilikuwa safu ya mabakuli manne yaliyofuatana, na a iliponyemelea o katika "kakakuona" ilibidi nitazame mara mbili. Nimechukua ya ghorofa mbili. Tumbo lake nimelianza kwa mstari wa unene wa 58 pale linapochomoka kwenye nguzo, kisha likanenepa hadi 88. Ncha ya kofia ina bonge kidogo, si serifu ya mraba. Mraba nilioujaribu uliifanya a ionekane imeng'ata penseli.

Mkia wa a umenichukua siku mbili. Ukiukata mraba kama miguu mingine, herufi inasimama imara lakini haiendi popote. Ukiupinda juu kidogo kuelekea herufi inayofuata, neno linatembea. Nimeupinda. Sasa kila baada ya herufi mbili tatu kuna kijiti kidogo kinachosukuma mbele, na kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia na irabu, mwendo huo unapatikana karibu bure.

Halafu kikaja kichaa changu cha wiki: kwikwi. Liandike kwa slabu ulione. k ina miguu miwili na kichwa, w ina serifu tatu juu, i ina mguu mpana, na yote yanarudiwa mara mbili. Fonti isiyo na serifu hulipita neno hili bila kuhema. Kwangu serifu ya mguu wa k ilikuwa inaikanyaga w, na serifu za juu za w zilikuwa zinaungana zenyewe kwa zenyewe. Nimeondoa serifu ya katikati ya w kabisa, pale mishazari miwili inapokutana, nikaacha ncha bapa. Mkono wa k hauna tena serifu kwa ndani, ni kwa nje tu. "Kwikwi" limekuwa neno langu la kupimia. Naliandika kila asubuhi kabla ya kufungua kitu kingine, na kwa mtu anayesoma skrini yangu kwa nyuma lazima nionekane nina tatizo la kiafya.

Wiki ya 4

q, x, tarakimu, alama za fedha. Kazi ya kuchosha, imekwisha. Tarakimu 1 imepata kizingiti chake kamili, na 7 imebaki bila mguu kwa sababu yenye mguu ilifanana na nanga.

Wiki ya 5

Uzito wa kukoza, yaani herufi nene. Hapa ndipo nilipoogopa kufika.

Fonti za sasa huchorwa kwa michoro mama miwili, mwembamba na mnene, na kompyuta inapiga hesabu ya uzito wote ulio katikati. Sharti ni kwamba kila herufi iwe na idadi ileile ya nukta katika michoro yote miwili, kwa mpangilio uleule. Ukiongeza nukta moja kwenye m nene na kuisahau kwenye m nyembamba, herufi za katikati zinajikunja kama plastiki iliyokaribia moto.

Mantiki ya kitoto inasema: kama nguzo imetoka 88 hadi 168, na serifu nazo ziongezeke karibu mara mbili. Nikafanya hivyo, nikamtumia dada mmoja mpangaji wa kurasa ambaye huwa hanipambi. Akajibu kwa mstari mmoja: "Kaka, hii m yako imekuwa uzio."

Alikuwa na haki. m ina nguzo tatu, kila moja na mguu wake, na katika uzito huo miguu mitatu iligusana ikawa ubao mmoja uliolala. Andika "mmomonyoko" na mwanzo wa neno ni ukuta. Nikajifunza kwa nguvu kile ambacho Kizingiti chembamba kilikuwa kimeninong'oneza wiki ya kwanza: serifu haikui kwa kasi ya nguzo. Katika uzito wa kukoza nguzo ni 168, serifu ni 112 tu, na urefu wake umepunguzwa, kwa sababu nafasi iliyobaki kati ya nguzo na nguzo ni ndogo. Mguu wa kwanza wa m ni mrefu kwa nje na mfupi kwa ndani. Wa katikati ni mfupi pande zote. Wa mwisho unajinyoosha kulia. Kati ya mguu na mguu nimeacha mwanya wa yuniti 30, na herufi yenyewe nimeipanua kutoka 870 hadi 1010. Sasa m nene imezidi upana wa ule mraba wa yuniti 1000. Na iwe hivyo.

Jambo jingine la ajabu la uzito huu: tabia inabadilika. Kizingiti cha kawaida kinazungumza kama fundi anayekueleza kazi itachukua siku ngapi. Cha kukoza kinapaza sauti. Hakuna umbo lililobadilishwa kwa makusudi. Ni weupe wa ndani tu uliopungua. Ndiyo maana Clarendon ya Besley ilipata kazi pale ambapo sauti inahitajika bila makelele, kwenye kamusi. Kabla ya hapo mchapaji aliyetaka neno moja lisimame juu ya mengine alikuwa na italiki (herufi za mlalo), herufi kubwa, au kuazima herufi nzito kutoka familia isiyohusiana. Clarendon ilitengenezwa nzito lakini ya kukaa mstari mmoja na herufi za kawaida: neno la kichwa linakoza, maelezo yanafuata kwa sauti ya chini. Tumezoea kiasi kwamba hatuoni tena kuwa kuna mtu alilibuni.

Nilipokuwa nimechoka nilifanya mzaha, nikazidisha serifu hadi 220 na kupunguza nguzo hadi 60. Papo hapo ikatoka herufi ya mabango ya Marekani ya karne ya 19, zile za sarakasi na za kumsaka mhalifu. Kinyume hicho, miguu minene kuliko mwili, nacho ni kizee: Caslon na Catherwood wa London walikionyesha mwaka 1821 wakakiita cha Kitaliano. Watu wa siku zile walikuwa na jiografia yao. Nimelihifadhi faili, ila si kwa kazi.

Wiki ya 6

Nafasi kati ya herufi. Wasiochora fonti hudhani hii ni kazi ya kumalizia, kama kupaka rangi. Ni nusu ya nyumba.

Neno la wiki ni mililita. i, l, i, l, i, na kila moja ina mguu unaotanuka pande zote mbili. Katika fonti isiyo na serifu tatizo la neno hili ni kwamba ni vijiti vitupu. Katika slabu tatizo ni la chini: miguu inafuatana kwa mianya inayolingana, na chini ya neno panatokea mstari wa vipande unaovuta jicho kuliko herufi zenyewe. Nilijaribu kusogeza herufi mbali, neno likavunjika. Nikazisogeza karibu, mstari ukawa mmoja. Dawa ilikuwa kugusa umbo: nimepunguza mguu wa i kwa yuniti 14 kila upande na kuacha wa l kama ulivyo, ili mdundo usiwe wa askari wa gwaride. Juu, i na l zina serifu upande wa kushoto peke yake.

Kisha ng'. Sikuwahi kuona kitabu chochote cha kuchora fonti kikiizungumzia, na kwetu ni sauti ya kila siku. Taabu yake iko kwenye g. g niliyochora ni ya ghorofa mbili, na ina sikio: kibamba kidogo kinachochomoza juu kulia. Kipo pale pale ambapo kitone cha juu cha ng' kinataka kukaa. "Ng'ombe" lilikuwa na g iliyogongana na kitone, na "ng'ang'ania" liligongana mara mbili. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kusukuma kitone kulia, na hapo "ng'ombe" linakatika kama maneno mawili. Ya pili ni kukipandisha, kikaelea. Ya tatu, ambayo nimeichukua kwa shingo upande kwa sababu nililipenda lile sikio, ni kulifupisha kwa theluthi na kulilaza chini kidogo, kisha jozi ya g na kitone ikarudishwa ndani yuniti 18. Kitone chenyewe nimekichonga kama kabari, kipana juu na chembamba chini, ili kisishindane na miguu ya herufi.

Nimekagua pia jozi za kw, wa, ky, vy, nya na mwa. Ya na wa ndizo zinazoacha shimo, kwa kuwa mshazari unaachia hewa chini. Kwenye slabu shimo hilo ni dogo kidogo kuliko kwenye fonti zisizo na serifu, maana serifu za juu za w na y hujaza pembe. Mara moja moja miguu minene inalipa kodi yake.

Wiki ya 7

Sikuchora. Nilisoma tu ukurasa uliochapwa, ukiwa umegeuzwa juu chini, kwa siku mbili. Ukigeuza maneno unaacha kuyasoma na unaanza kuona madoa. Madoa: e nyeusi mno, s inaegemea kushoto, t fupi.

Wiki ya 8

Majaribio ya matumizi. Nimeyafanya manne, na nilikuwa na majibu yangu tayari kichwani. Mawili kati yake yalikuwa makosa.

Bango kwanza, ambalo nililihesabu kuwa ni nyumbani. Neno moja, herufi kubwa, uzito wa kukoza, nikalisoma kutoka mwisho wa ukumbi. Ndiyo, ni nyumbani. Herufi zenye mistari myembamba hupoteza mistari hiyo kwa mbali, E inabaki nguzo tupu. Slabu haina cha kupoteza. Mabango ndiyo yaliyozilea tangu mwanzo. Herufi kubwa sana za risasi zilikuwa nzito na zilipoa bila kulingana zikimiminwa, kwa hiyo zilikuwa na kikomo. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kukata herufi za mbao kwa mashine yenye kisu cha kuzunguka, na kuanzia hapo herufi ingeweza kuwa kubwa kadiri mchapaji alivyotaka. Mti hauupendi mstari mwembamba, huvunjika. Mguu mnene unastahimili.

Hata hivyo bango lilinipa tatizo ambalo Figgins hakulijua. Kitenzi chetu hubeba sentensi nzima tumboni. "Walipowakumbusha" ni neno moja, herufi 16, na kwa slabu ya kukoza linajaza upana wa karatasi kabla hujaandika la pili. Slabu hula nafasi, kwa kuwa miguu lazima iwe na pa kukanyaga. Nimeanza mchoro wa tatu, mwembamba wa upana, kwa ajili ya vichwa vya habari. Hiyo ni miezi mingine.

La pili lilikuwa aya ndefu, nililotegemea lishindwe. Nimekuwa nikisema, pengine hata mbele za watu, kwamba slabu ni ya maneno machache. Nikapanga kurasa mbili kwa pointi 10 na nafasi ya mistari ya pointi 12, na kweli ukurasa ulikuwa mzito kama blanketi lililolowa. Nikaongeza nafasi ya mistari hadi 14 bila kugusa kitu kingine, nikasoma kurasa zote mbili mpaka mwisho, na katikati nikasahau kwamba nilikuwa nakagua. Nilikuwa nimelaumu herufi kwa kosa la mistari. Na ningepaswa kujua, maana magazeti yalishalijibu swali hili. Kampuni ya Linotype ilipotoa Ionic No. 5 mwaka 1925, jamaa wa karibu wa Clarendon, ililengwa kwa mashine za kasi na karatasi duni inayonywa wino: matumbo yenye nafasi, mistari isiyo myembamba mno, serifu imara. Ilikuwa herufi ya kusomwa siku nzima, kila siku, kwa ukubwa mdogo.

La tatu, skrini. Nilitegemea ushindi rahisi. Hoja ni ya kweli: skrini yenye pikseli chache haiwezi kuonyesha mstari wa nusu pikseli, na slabu haina mistari ya namna hiyo. Caecilia ya Peter Matthias Noordzij, iliyotoka mwaka 1990, ndiyo iliyokuwa herufi ya kusomea vitabu kwenye Kindle za mwanzo, na ukiitazama unaelewa: ni slabu iliyochorwa na mtu anayejua mkono wa kalamu, nyepesi, yenye italiki ya kweli. Lakini Kizingiti changu kwa ukubwa mdogo kilitoka na serifu zisizolingana: mguu mmoja wa n una pikseli moja, mwingine mbili, herufi inachechemea. Serifu ya yuniti 72 kwa ukubwa wa pikseli 16 ni pikseli 1.15, na ile 0.15 inatupwa huku na kule kulingana na mahali herufi ilipoangukia. Nimeandika maelekezo ya kuzilazimisha serifu zote za chini zikae kwenye mstari mmoja wa pikseli. Kwenye simu mpya, zenye pikseli nyingi, haya yote hayaonekani. Kwenye skrini kuukuu ndiyo tofauti ya kusoma na kukisia.

La nne lilikuwa jedwali la namba. Limepita vizuri, tarakimu zote zina upana mmoja. Sina la kuongeza.

Wiki ya 9

Dada mpangaji anauliza kama kutakuwa na toleo la upana mmoja, "ile ya taipu". Swali halali. Watu wengi wameikuta slabu kwa mara ya kwanza kwenye taipureta bila kujua jina lake. Mashine inasogea hatua ileile kwa i na kwa m. Bila miguu, i ingesimama peke yake katikati ya uwanja, kwa hiyo inapewa kizingiti kipana kijaze nafasi yake. Serifu pale si pambo, ni mgawo wa ardhi. Courier, aliyoichora Howard Kettler kwa ajili ya IBM katikati ya miaka ya 1950, ndiyo mfano wake: kila herufi ina upana wa yuniti 600, kwa hiyo ukiiweka pointi 12 zinaingia herufi 10 kwenye inchi moja, hazipungui hazizidi. Waandishi wa filamu wa Marekani hadi leo huandika kwa Courier ya pointi 12 na kukadiria ukurasa mmoja kwa dakika moja ya picha.

Nilijaribu m ya upana wa 600. Nguzo tatu, miguu mitatu, uzio ule ule sasa ukiwa umebanwa kwenye kopo. Nimemjibu: si mwaka huu.

Wiki ya 10

Italiki. Nilizilaza herufi kwa nyuzi 9 kwa amri moja ya programu, na o zote zikavimba bega la juu kulia. Nimezichora upya o, e, a, g na s kwa mkono. Zilizobaki zinastahimili kulazwa. Miguu ya n na m nimeibadilisha: ya mwisho tu ndiyo yenye mkia, ya ndani imekatwa. Si italiki ya kweli kama ya Caecilia, wala si mlalo mtupu. Ni chotara, na nimeikubali.

Wiki ya 11

Toleo la 0.9 limetoka. Kabla ya kulituma nilipanga vipimo vyote vya uzito wa kawaida kwenye ukurasa mmoja. Nguzo za herufi kubwa 94, za herufi ndogo 88. Upau wa H 76, wa e 64. Serifu za chini 72, za juu 70. Tumbo la o 92 ubavuni, 78 juu na chini. Mishazari ya w: 90 ule mzito, 74 ule mwepesi. Nikaichapa "kwikwi mililita mmomonyoko ng'ang'ania" chini ya jedwali hilo kwa pointi 24, na hakuna anayeangalia anayeweza kukuambia kwamba mistari hiyo haina unene mmoja.

Mpangaji ameshajibu. Anasema m imeacha kuwa uzio. Ameizungushia wino mwekundu nukta ya mwisho wa sentensi: "Hii imepotea, kaka, naitafuta kwa tochi." Nikafungua faili. Nukta ni mraba wa 90 kwa 90, wa asubuhi ile ya kwanza, haujaguswa. Nimeupanua hadi 112 kwa 108, nikarekebisha mkato na nuktambili vifuate, nikahesabu upya nafasi zake. Toleo la 0.91.